Helsinki mwaka mzima hakuna aliyekufa kwa ajali ya barabarani, hivi waliwezaje?

Mgeni_Njiani

Wakuu habari zenu. Nina ubishi na shemeji yangu toka juzi na naona hauishi kwa hiyo nimeuleta hapa, wenye kujua mtusaidie. Ni ile habari ya Helsinki kule Ufini, kwamba toka mwanzoni mwa Julai 2024 mpaka mwishoni mwa Julai 2025 hakuna mtu hata mmoja aliyefariki kwa ajali ya barabarani ndani ya jiji. Si dereva, si abiria, si wa baiskeli, si wa miguu. Na jiji lina watu karibu laki saba, sio kijiji.

Shemeji anasema hizo takwimu zimepikwa, eti mtu akigongwa wanamkimbiza hospitali akafie huko ili asihesabiwe kuwa kafia barabarani 😂. Nikamwambia Wafini hawana muda huo. Ila na mimi nikibanwa nieleze waliwezaje naishia kusema "wana nidhamu" halafu nakwama, maana hata mwenye nidhamu anasinzia, anachungulia simu, anachanganya breki na mafuta, binadamu ni binadamu. Sasa ni kamera? ni faini? ni bahati tu? Na kwa nini kuna miji mingine ilijitangazia hilo hilo lengo la sifuri mbele ya waandishi wa habari na mpaka leo wanazika tu? Karibuni.

Jiwe_Kuu

Bahati. Mwakani watakufa watatu wanne utasikia kimya. Halafu baridi yote ile watu wanajifungia ndani, nani atoke agongwe.

Fundi_Lami

Jiwe_Kuu baridi ya Ufini haijaanza juzi mkuu. Miaka ya 80 Helsinki hiyo hiyo na barafu yake ilikuwa inafikisha mpaka vifo 30 kwa mwaka, na majeruhi karibu elfu moja. Kilichobadilika sio hali ya hewa.

Mgeni_Njiani hapa umegusa kazi yangu, mimi ni mtu wa barabara (kuchora, sio kuendesha) kwa hiyo vumilia nitakuwa mrefu.

Wenyewe waliulizwa na mhandisi wao wa jiji, Roni Utriainen, akasema sababu ni nyingi ila kubwa mojawapo ni spidi. Miaka 50 iliyopita mitaa mingi ya Helsinki ilikuwa inaruhusu kilomita 50 kwa saa. Leo zaidi ya nusu ya mitaa ni 30. Watu wakisikia 30 wanacheka, wanaona 50 na 30 ni tofauti ndogo, kumi na kumi tu. Sasa chukua hesabu hii. Mtoto kakimbilia mpira katokea katikati ya magari yaliyoegeshwa, yuko mita 14 mbele yako. Dereva wa kawaida anahitaji kama sekunde moja kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Ukiwa na 30 hiyo sekunde imekula mita 8, breki inakula kama 5 (lami kavu, breki nzima), umesimama kwenye 13 na mtoto anakutumbulia macho. Ukiwa na 50, ile sekunde peke yake imekula mita 14 kasoro kidogo sana. Yaani mwenzako wa 30 keshasimama, wewe mguu wako ndio kwanza uko hewani unatoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, na mtoto unamfikia na 50 yako yote hujapunguza chochote. Dereva wote wawili ni wazuri, wote wameona, wote wameshtuka sawa. Kugongwa na 50 ni kama kudondoka toka urefu wa mita 10 hivi, 30 ni kama mita 3 na nusu. Ya pili unavunjika, ya kwanza hesabu nyingine.

Kwa hiyo mtu anaposema "tuwafundishe madereva" sipingi ila hapo hakuna cha kufundisha, ni fizikia.

Sasa wazo lenyewe la sifuri halikuanzia Helsinki, lilianzia Uswidi. Bunge lao 1997 lilipitisha kwamba lengo la muda mrefu ni kutokuwa na mtu anayekufa au kuumia vibaya barabarani, basi, hakuna kusema "vifo 200 sio vibaya ukilinganisha na magari yalivyo mengi". Na kilichokuwa kipya hasa ni pale waliposema lawama haiishii kwa dereva. Zamani ajali ikitokea tunatafuta nani mjinga, tukimpata faili linafungwa. Wao wakasema binadamu atakosea tu, hilo tulichukulie kama tunavyochukulia mvua, sasa yule aliyechora barabara na yule anayeiendesha mfumo ndio wahakikishe kosa halitoi roho. Ndio maana wakaanza kuweka uzio wa waya katikati ya barabara zao za njia tatu, ile unapata nafasi ya ku-overtake kwa zamu, upande huu kisha upande ule. Ukisinzia ukahamia upande wa pili unakwaruza waya unatengeneza bodi. Zamani ulikuwa unakutana uso kwa uso na lori. Wakati wanaanza 1997 Uswidi ilikuwa inapoteza watu zaidi ya 500 kwa mwaka, 2020 walikuwa kama 200.

Halafu kitu cha mwisho nakaa kimya. Kibao peke yake hakifanyi kitu. Ukiwa na barabara pana imenyooka kama ya kurukia ndege, weka kibao cha 30 ukubwa wa mlango, watu watapita na 70. Dereva hasomi kibao, anasoma barabara. Helsinki wamebana njia, wamepanda miti, wamesogeza kingo za njia ya miguu zikaingia barabarani kwenye kona ili anayevuka avuke kipande kifupi na gari likate kona taratibu.

Gari_la_Mizigo

Fundi kasema la karatasini, ngoja niseme la kwenye usukani. Nimesambaza mizigo Helsinki miaka minne na van, kila mtaa naujua na kila mtaa nimeutukana.

Kwa mfano eneo la Kallio, humo humo jijini. Mtaa una mlima, kuna sehemu chini ni mawe sio lami, magari yameegeshwa kushoto na kulia, huku reli ya tramu (treni ya mtaani). Unafika makutano hakuna taa, hakuna kibao cha simama, hakuna mstari. Mara ya kwanza nilidhani wamesahau. Kumbe sheria yao ni kwamba pasipo na alama anayetokea kulia kwako ndio anapita kwanza. Sasa kulia huoni kitu maana kuna jengo mpaka kwenye kona. Unafanyaje? Unapunguza mpaka unatambaa, unachungulia kama mwizi, hamna mtu, unaenda, mita 60 mbele makutano mengine tena. Siku nzima hivyo. Mimi hiyo 30 wanayoisema hapa sikuifikia mara nyingi, nilikuwa kwenye 20 na kitu na sio kwa kupenda, barabara yenyewe inakutia wasiwasi. Bosi alikuwa anapanga ruti kwa kujua hivyo, hakuna aliyekuwa ananiuliza kwa nini umechelewa dakika nne.

Na ukikata kona kuna watu wa miguu halafu kuna baiskeli, wote wana haki kuliko wewe. Unasubiri. Nyuma yako hakuna anayepiga honi, hicho ndicho kilinishangaza kuliko yote.

Jiwe_Kuu kuhusu baridi, Novemba saa kumi na moja jioni kule ni giza totoro na lami imelowa inakula taa zote. Ndio mwezi ambao nilikuwa naogopa kuliko hata wa barafu. Ila watu wanavaa zile rifleketa, kile kidude kinaning'inia kwenye koti, sheria inataka ukitembea gizani uwe nacho. Taa zako zikikipiga unaona nukta inacheza cheza mbali huko kabla hujaona mtu. Bibi mmoja nilikuwa nampelekea mizigo alinipa changu kina umbo la samaki, akasema nivae nikishuka kwenye gari. Ninacho mpaka leo kwenye funguo.

Pesa_Mbili

Mnazunguka sana, jibu ni faini. Ufini ukizidisha spidi sana faini inapigwa kwa kipato chako. 2023 tajiri mmoja kule visiwa vya Åland alikamatwa na 82 kwenye eneo la 50, akalimwa euro 121,000. Kwa spidi tu, hakugonga hata paka. Weka hiyo popote uone kama watu hawataendesha kama wanapeleka mayai.

Fundi_Lami

Pesa_Mbili faini inasaidia na kamera pia zinasaidia, Helsinki wameongeza kamera na polisi wanakaza, sikatai. Ila Åland sio Helsinki, na yule tajiri pamoja na faini ya aina hiyo kuwepo miaka na miaka bado alienda 82. Faini inakuja baada. Kona iliyobanwa inakuja kabla.

Mgeni_Njiani

Aisee asanteni. Hiyo ya mita 14 nimemsomea shemeji akanyamaza kidogo halafu akaja na lingine, eti sawa lakini huo ni mji tajiri, magari yao mapya yana breki za kompyuta, mnalinganisha vitu visivyolingana. Na mimi bado naona hamjajibu lile swali la waliofeli. Kama dawa inajulikana kwa nini wengine hawaponi?

Kijiwe_cha_Tatu

Waliofeli mfano mzuri ni Los Angeles. 2015 meya wao akatia saini, ifikapo 2025 vifo sifuri. 2023 walizika zaidi ya watu 300. Na utajiri huo tunaoambiwa hapa LA wanao, magari mapya wanayo, kwa hiyo shemeji ajaribu hoja nyingine.

Walikwama wapi? Mitaa yao mingi mikubwa ni njia sita, saba, mtu anavuka mpaka anachoka, na kila walipotaka kupunguza njia moja waweke ya baiskeli au wapanue ya miguu madereva wa eneo lile walikuja juu, diwani akaogopa kura, ikarudishwa kama ilivyokuwa. Kuna sehemu walipunguza njia wakazirudisha ndani ya miezi. Mpango ulikuwepo umeandikwa vizuri kabisa na ramani za rangi. Mpaka Machi 2024 wananchi wenyewe wakapiga kura kulilazimisha jiji kwamba kila mkiweka lami upya kwenye mtaa ulio kwenye mpango basi mtekeleze na mpango wenu mliouandika. Hebu fikiria, raia wanapiga kura kuiambia serikali ya jiji ifuate karatasi yake yenyewe.

Sasa linganisha na Hoboken, nchi hiyo hiyo Marekani, ng'ambo ya mto tu ukitokea New York. Mji wa watu kama elfu sitini, umebanana kweli kweli. Kuanzia Januari 2017 walipita zaidi ya miaka saba bila kifo cha barabarani kwenye mitaa yao. Hawakufanya kitu cha ajabu, kitu chao kikubwa kilikuwa kuzuia gari lisiegeshwe karibu na kona. Ulishawahi kutaka kuvuka halafu kuna gari kubwa limeegeshwa mpaka kwenye mistari ya zebra? Unatoa kichwa kwanza, unatoa bega, unachungulia, na dereva naye anakuja hakuoni mpaka uko tayari barabarani. Wao ile nafasi ya gari la mwisho kabla ya kona wakaifunga kwa nguzo za plastiki, sehemu nyingine wakaweka vitanda vya maua vinavyonyonya maji ya mvua, sehemu nyingine paking ya baiskeli. Ikawa anayevuka na anayeendesha wanaonana macho kwa macho mapema. Rangi na nguzo, hiyo ndio teknolojia.

Ila kila walipopita kutengeneza mtaa walifanya, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Hawakusubiri mradi mkubwa wenye jina.

Jiwe_Kuu

Elfu sitini ni mtaa sio mji. Na bado nasema bahati ipo.

Fundi_Lami

Ipo mkuu, hapo niko na wewe. Oslo 2019 walikuwa na kifo kimoja tu mwaka mzima, dereva aliyegonga uzio, wakati 1975 walikuwa wamezika 41. Hicho kimoja kingeweza kuwa vitatu kwa upepo tu, mtu kafunga mkanda au hakufunga, gari la wagonjwa limefika dakika ngapi. Ukishafika kwenye namba za kuhesabu kwa vidole bahati inaanza kucheza, mwaka huu sifuri mwakani wanne, na wanne wakija haimaanishi mambo yameharibika. Ila kutoka 41 au 30 mpaka ufike kwenye vidole vya mkono hakuna bahati ya kukufikisha huko. Hapo ni miaka 40 ya kubomoa kona na kupaka mistari.

Gari_la_Mizigo

Niongeze kimoja mnakisahau, watu wengi kule hawaendeshi kabisa. Kuna metro, kuna tramu, 2023 wamefungua ile tramu ya namba 15 inayozunguka nje ya katikati, baiskeli ndio usiseme. Kijana wa miaka 19 katoka kunywa saa nane usiku anapanda basi la usiku analala kwenye kiti, mbaya zaidi atapitiliza kituo. Ukimnyima hilo basi huyo huyo ndio atashika usukani wa rafiki yake.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Samahani naingia nimechelewa, nimesoma yote. Mimi niko upande wa kuwapokea majeruhi na kuna kitu kinanikera kwenye hizi habari za sifuri, sio kwamba ni uongo, ila kila mtu anahesabu maiti. Huo mwaka wa Helsinki ajali zenye majeruhi zilikuwa bado 277. Ni chache mno ukilinganisha na zamani, nawapa hongera zao. Lakini nendeni mkaone "majeruhi" ni nini. Kuna kijana tulimpokea mwaka juzi, pikipiki iligongwa ubavuni na gari lililokuwa linakata kona. Alikuwa anaongea vizuri kabisa, anauliza pikipiki yake iko wapi, ana wasiwasi itaibiwa. Miguu hakuwa anaihisi na hakuwa amegundua bado. Nikawa namfungua kiatu kamba ilikuwa imekaza, nikakata, hakuangalia hata. Kwenye takwimu huyo hayupo kwenye vifo, yuko kwenye kundi moja na aliyeteguka kifundo.

Ndio maana lile lengo la Uswidi Fundi_Lami alilolitaja hapo juu lilivyoandikwa nalipenda, wamesema kufa AU kuumia vibaya. Miji mingi ikitangaza inabeba lile neno la kwanza inaacha la pili maana la kwanza ndio linaingia kwenye kichwa cha habari. Na kwa kazi yangu naweza kuwaambia spidi ndogo inapunguza vyote viwili, wale wa kona ya taratibu wanakuja wamevunjika mkono, wanalalamika foleni ya eksirei, wanatuzingua wanataka waende nyumbani. Hao nawapenda.

Mgeni_Njiani

Dada Nesi pole na kazi. Hiyo ya kiatu imenikaa.

Sasa kwa vile upo hospitali nijibie lile la shemeji la mwanzo kabisa maana amelirudia tena jana, wanaofia wodini wanahesabiwa au hawahesabiwi?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Wanahesabiwa. Nchi nyingi wanatumia siku 30, ukigongwa leo ukafariki wodini siku ya ishirini na tisa wewe ni kifo cha barabarani na kinaandikwa kwa ile barabara uliyogongwa, sio kwa hospitali wala kwa mji wa hospitali. Helsinki waliposema sifuri ni pamoja na waliolazwa. Aliyekuwa wa mwisho kabla ya huo mwaka aligongwa eneo la Kontula mwanzoni mwa Julai 2024, ndio saa yao ilipoanza kuhesabu. Mwambie shemeji kukimbiza mtu hospitali hakumtoi kwenye kitabu.

Pesa_Mbili

Shemeji kapigwa KO 😂😂

Mgeni_Njiani

Hajapigwa huyo. Nimemtumia, amesoma, amejibu "na wa siku ya 31?"

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Wa siku ya 31 anabaki kwenye majeruhi. Hapo shemeji wako yuko sahihi, na ndio hao niliokuwa nawasema.